Kadi ya Waifai Kwenye Kompyuta ya Mezani: Kuifunga, na Kuisaka Hitilafu Inapokataa

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwetu ni mtumba uliotoka maofisini: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Huko zilikotoka zilichomekwa waya wa mtandao ukutani, ndiyo maana nyingi hazikuwekewa waifai tangu kiwandani. Unaifikisha mashine nyumbani, unaiwasha, inakwenda vizuri, kisha unatafuta ile alama ya waifai pembeni mwa saa na huioni. Haina ubovu wowote. Imekosa kadi tu, na kadi hiyo unaweza kuifunga mwenyewe ukiwa na bisibisi moja ya nyota na nusu saa ya utulivu.

Nimefunga kadi hizi miaka mingi, kwenye steshenari, madarasa ya kompyuta na vyumba vya wapangaji. Kuzifunga ni kazi nyepesi. Kazi yenyewe huanza pale inapogoma, kwa sababu ikigoma tu watu hukimbilia kununua nyingine. Nakuomba usifanye hivyo kabla hujajua umekwama wapi: ni kati ya kadi na madabodi, kati ya kadi na Windows, kati ya kadi na ruta, au kati ya ruta na intaneti yenyewe. Kila mahali pana dalili zake, na mara nyingi kadi mpya haiponyi kitu.

Kabla hujatoa pesa

Fungua kava kwanza, ndipo uende dukani. Tazama kwenye madabodi, upande wa nyuma wa boksi, utaona sloti zilizolala sambamba. Unayoitafuta inaitwa PCIe x1, nayo ni fupi, kama sentimita 2.5 hivi. Ukikuta fupi zote zimeshikwa au hazipo, usikate tamaa: kadi ya x1 huingia pia kwenye sloti ndefu ya x16, na nafasi inayobaki wazi haina madhara. Mashine za zamani huwa na sloti ya PCI ya kizamani pia, ndefu na mara nyingi nyeupe. Kadi ya PCIe haiingii humo kwa namna yoyote, na ukiilazimisha utavunja kimoja kati ya hivyo viwili.

Angalia na unene wa boksi. Mashine za ofisini nyingi ni zile nyembamba, ambazo kadi yenye kibati cha kawaida haitoshei kwa kimo. Hizo zinataka kibati kifupi. Kwenye pakiti ya kadi nzuri huwamo vibati viwili, kirefu na kifupi, lakini kadi iliyotolewa kwenye pakiti yake na kuwekwa kabatini huenda imeshapoteza kimoja. Uliza kabla ya kulipa. Na zile mashine ndogo kabisa, za ukubwa wa kitabu kinene, kwa kawaida hazina sloti ya PCIe. Zenyewe hupokea kadi ndogo ya M.2 inayolala juu ya madabodi, sawa na ya laptopu.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote: usinunue jina lililoandikwa kwenye boksi, nunua chipu. Kampuni inaweza kubadilisha chipu ya ndani bila kubadilisha jina la bidhaa. Mfano unaojulikana sana ni adapta ya USB ya TP-Link iitwayo TL-WN722N. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux huitambua papo hapo. Toleo la pili likaja na chipu ya Realtek, jina lilelile, umbo karibu lilelile, na watu waliofuata maelekezo ya lile la kwanza wakahangaika wiki nzima wasijue kwa nini. Geuza kadi, soma maandishi madogo ya toleo, kisha tafuta kwenye simu yako chipu yake ni ipi. Muuzaji mwema atakupa dakika tano hizo.

Kwa kadi ya ndani, mimi huchagua ile yenye chipu ya Intel AX200 au AX210. Draiva zake zinapatikana kirahisi na Linux za karibuni huzikubali bila ugomvi. Lakini hapa pana mtego. Kuna AX201 na AX211, majina yanayotofautiana kwa tarakimu moja tu, na hizo hazijitegemei: nusu ya kazi yake hufanywa na prosesa ya Intel pamoja na madabodi iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ukiiweka AX201 kwenye mashine isiyo na mpango huo, haitaonekana popote, na hakuna draiva itakayoifufua. Soma ile tarakimu ya mwisho mara mbili. Na kama mashine yako bado inatumia Windows 7, fahamu kwamba Intel hawakutoa draiva ya AX200 kwa Windows hiyo. Tafuta chipu ya zamani zaidi, kwa mfano Intel 7260.

Adapta ya USB nayo si dhambi. Kama mashine si yako, au kava limefungwa kwa kufuli la ofisi, itakufaa. Ila usiichomeke nyuma kabisa ya boksi, na uiepushe na diski au flashi ya USB 3 inayofanya kazi jirani yake. Intel walichapisha maelezo mwaka 2012 wakionyesha kwamba USB 3.0 hutoa kelele ndani ya masafa yaleyale ya 2.4 GHz yanayotumiwa na waifai. Waya wa kuongezea wa USB, hata wa futi tatu, ukiisogeza adapta juu ya meza, utaona tofauti mara moja.

Kuifunga

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Laza boksi ubavu juu ya meza, usilifungulie juu ya zulia. Gusa chuma kitupu cha boksi kwa kiganja kabla hujaishika kadi, na uguse tena kila ukiondoka na kurudi. Umeme tuli wa mwilini hauonekani, lakini unatosha kuua chipu.

Ng'oa kile kibati kitupu kilichoziba tundu la nyuma mkabala na sloti yako. Kwenye mashine nyingi za Dell na HP huhitaji hata bisibisi hapo. Kuna kilango cha plastiki au chuma unachokiinua kwa kidole na vibati vyote vinalegea. Puliza vumbi kwenye sloti kwa bomba la hewa au brashi laini, usipulize kwa mdomo, kwani mate huruka humo. Kama unaishi ukanda wa pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, chunguza meno ya dhahabu ya kadi ya mtumba kabla hujaipachika. Hewa ya chumvi huyawekea ukungu mweusi. Yafute kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa spiriti, uache yakauke.

Ishike kadi kwa kingo zake, ielekeze wima, kisha bonyeza kwa vidole gumba viwili, kimoja kila upande, kwa nguvu iliyo sawa. Utaisikia ikizama. Inama uitazame kwa ubavu: ule mstari wa meno ya dhahabu usionekane, au ukionekana uwe mwembamba kama unywele, uliolingana kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiuona upande mmoja umeinuka, kadi haijakaa, na kosa hili dogo ndilo linalowapotezea watu wengi mchana mzima. Kisha funga skrubu ya kibati, na baada ya kuikaza uinamie tena uitazame, kwa sababu mara nyingine skrubu yenyewe ndiyo inayoivuta kadi ikainuka upande wa ndani.

Kama kadi yako ina Bluetooth, kwenye pakiti utakuta kiwaya chembamba chenye kichwa cha matundu. Watu wengi hukiacha humo. Sloti ya PCIe hupitisha waifai tu. Bluetooth ya kadi hizi husafiri kwa njia ya USB, na kiwaya hicho ndicho njia yenyewe. Kichomeke upande mmoja kwenye kadi na mwingine kwenye pini za USB za madabodi, ambazo huwa tisa, mistari miwili ya tano na pini moja imekosekana pembeni ili usikosee. Mara nyingi pameandikwa F_USB. Bila kiwaya hicho waifai itafanya kazi, Bluetooth haitaonekana kamwe, na si kwamba umeuziwa kadi mbovu.

Mwisho funga antena. Hapa sitanii hata kidogo: funga zote, kwa vidole, bila koleo. Kadi isiyo na antena huiona ruta iliyo chumba kilekile tu, na inakudanganya kwamba mtandao ni dhaifu. Halafu fikiria boksi litakaa wapi. Ukilisukuma chini ya meza, mgongo ukigusa ukuta, antena zitakuwa zimebanwa kati ya chuma cha boksi na zege. Zile antena zenye kitako cha sumaku na waya wa mita moja ni ghali kidogo lakini zinastahili kila senti, kwa kuwa unaziweka juu ya meza au juu ya kabati.

Draiva, wakati intaneti ndiyo hiyo unayoitafuta

Washa mashine. Windows 10 na 11 mara nyingi huitambua kadi yenyewe, na alama ya waifai hutokea. Isipotokea, unahitaji draiva, na draiva iko kwenye intaneti ambayo huna. Suluhisho liko mfukoni mwako. Chukua simu ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wake wa kuchajia, ingia kwenye mipangilio ya hotspot na uwashe USB tethering. Kompyuta itaiona simu kama waya wa mtandao. Bando la megabaiti mia chache linatosha kupakua draiva. Hakikisha waya ni wa kupitisha data. Zipo waya za bei rahisi zinazochaji tu.

Kabla ya kupakua chochote, pata jina halisi la chipu. Bofya kitufe cha kulia cha panya juu ya alama ya Windows, fungua Device Manager, tafuta kifaa chenye alama ya njano, fungua Properties, kisha Details, na kwenye orodha uchague Hardware Ids. Utaona herufi VEN na DEV zikifuatwa na namba. VEN ni mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros, 14C3 ni MediaTek. DEV ni chipu yenyewe. AX200, kwa mfano, ni 2723. Namba hizo mbili hazidanganyi, hata kama boksi limeandikwa jina jingine. Kisha nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa chipu au wa kadi. Jiepushe na zile programu zinazoahidi kutafuta draiva zote kwa mpigo. Nimeziondoa kwenye mashine za wateja mara nyingi, zikiwa zimeleta matangazo na draiva za vifaa vingine.

Adapta nyingine za USB zina jambo la ajabu la kusaidia: ukizichomeka mara ya kwanza zinajitokeza kama diski ya CD yenye draiva ndani. Ifungue, sakinisha, chomoa na uchomeke tena, na hapo ndipo zinapogeuka kuwa waifai.

Inapokataa

Jiulize swali moja tu kwanza: je, mashine inaiona kadi? Kama Device Manager haina hata kifaa kisichojulikana, tatizo bado ni la chuma. Zima, chomoa umeme, iondoe kadi, irudishe vizuri, au ihamishie sloti nyingine. Ingia BIOS uangalie kama sloti au waifai imezimwa. Mashine za maofisini huwa zimezimwa vitu vingi na watu waliokuwa wakizisimamia.

Kama kadi inaonekana lakini ina alama ya njano na Code 10, jaribu jambo ambalo watu hulidharau: zima kabisa, chomoa waya wa umeme ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia, ngoja dakika, washa. Kadi za Intel hasa hunasa katika hali mbovu, na kuzima kwa kawaida hakuzitoi, kwa sababu madabodi huendelea kuzipa umeme kidogo wakati mashine imelala. Kwa sababu hiyohiyo zima Fast Startup kwenye Power Options. Huifanya Windows isizime kweli, na kama una Linux pembeni yake, Linux huikuta kadi imeshikiliwa.

Kama kadi ni nzima lakini haioni mtandao wako huku ikiuona wa jirani, fikiria masafa. Kadi za zamani na za bei ya chini hushika 2.4 GHz pekee. Simu nyingi siku hizi hurusha hotspot kwa 5 GHz, na kadi hiyo haitaiona abadani. Kwenye Android badilisha bendi ya hotspot iwe 2.4 GHz, kwenye iPhone 12 na zilizofuata washa Maximize Compatibility. Kwenye ruta, angalia pia kama imewekwa WPA3 peke yake, kwani kadi za zamani zinaijua WPA2 tu. Na kama ruta imekwenda kwenye chaneli ya 12 au 13, zipo kadi zilizopangwa kwa sheria za Marekani ambazo hazifiki huko. Iwekee 1, 6 au 11.

Waifai inayoshika na kuachia kila baada ya muda ina dawa mbili za kuanza nazo. Kwenye Properties za kadi, ukurasa wa Power Management, ondoa tiki inayoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Kompyuta ya mezani haina betri ya kuihurumia. Kisha tazama njia kati ya kadi na ruta. Maji hunyonya mawimbi na mabati huyarudisha. Simtank iliyopo dirishani, kabati la chuma, kioo kikubwa cha ukutani, kila kimoja ni ukuta kwa waifai hata kama kwa macho njia iko wazi.

Kwa anayetumia Linux, amri ya lspci -nnk itakuonyesha kadi na draiva inayoishika. Kama mstari wa draiva haupo, huenda linalokosekana ni lile faili la ndani la chipu liitwalo firmware. Debian walianza kuliweka faili hilo kwenye diski yao ya kusakinishia toleo la 12, mwaka 2023. Kabla ya hapo ilibidi ulitafute mwenyewe. Amri ya rfkill list nayo itakuambia kama redio imefungwa kwa programu.

Imeshika, lakini kurasa hazifunguki

Hapa ndipo nilipokosea mara moja, na kosa hilo lilimgharimu mtu asiyekuwa na hatia. Dada mmoja mwenye steshenari karibu na chuo alinipigia msimu wa wanafunzi kujaza maombi: waifai imeshika, fomu hazifunguki. Nikaenda na kadi mpya, nikaibadilisha bila kuuliza swali hata moja. Nayo ikashika vizuri, na kurasa zikakataa vilevile, wanafunzi wakiwa wamesimama kwenye foleni na vyeti mkononi. Ndipo nikatazama saa ya kompyuta. Ilisema mwaka 2012. Ile betri ya duara ya CR2032 kwenye madabodi ilikuwa imekufa, na kila umeme ukikatika mashine ilirudi nyuma miaka. Kivinjari hukagua vyeti vya usalama vya tovuti kwa kutumia tarehe. Tarehe ikiwa mbovu, vyeti vyote huonekana batili. Betri ya bei ya soda ikamaliza kazi. Nikatoa kadi yangu, nikamrudishia yake na pesa yake, na tangu siku hiyo saa ndiyo kitu cha kwanza ninachokitazama kwenye kompyuta yoyote ya mtumba.

Saa ikiwa sahihi, fungua Command Prompt, andika ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kadi imeshika ruta lakini haijapewa anwani. Zima na uwashe ruta, au angalia kama imewekewa orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa. Ukiona anwani ya kawaida, kama 192.168, piga ping kwa namba iliyo mbele ya Default Gateway. Ikijibu, kadi yako imemaliza wajibu wake. Sasa piga ping kwa 8.8.8.8. Isipojibu, tatizo liko kwa ruta au mtoa huduma, au bando limekwisha, na usiifungue tena kompyuta. Ikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina, badilisha DNS.

Bado jambo moja kabla hujarudisha kava. Mashine iliyokaa miezi bila intaneti ikiipata tu huanza kupakua masasisho ya Windows, na hayo yanaweza kumaliza bando la mwezi kwa usiku mmoja. Fungua mipangilio ya mtandao wako huo na uwashe Metered connection. Kisha chukua kipande cha stika, andika jina la chipu, namba za VEN na DEV, tarehe uliyoifunga na tarehe uliyobadilisha betri, ukibandike ndani ya kava, ambako fundi atakayekuja baada yako atakisoma kabla hajagusa skrubu yoyote.